CD Mpya na Mafyulisi Mabichi

Kila asubuhi ya likizo Winfrida alifagia uwanja, akajaza ndoo za maji, akanywa chai na kiporo cha jana, na kabla chai haijamshuka vizuri alikuwa amekwisha kaa mbele ya televisheni na pedi ya kuchezea gemu mkononi. Mguu wake wa kulia ulitikisika muda wote. Ulitikisika darasani, ulitikisika kanisani, na binamu zake waliapa kwamba unatikisika hata akiwa usingizini. Mama yake alikuwa fundi cherehani hapo Kihonda, na alizoea kusema kwamba siku moja atamkalisha Winfrida kwenye cherehani yake ya kukanyaga, ashone sare za shule nzima bila mtu kuchoka.

Mashine ya gemu alikuwa amepewa na Mjomba Frank, siku mjomba huyo alipojinunulia nyingine ya kisasa zaidi. Aliikabidhi pamoja na maneno machache.

"Mashine nakupa, mjomba. CD utajitafutia mwenyewe. Usimsumbue mama yako."

Katika ukoo wa kina Winfrida, mjomba akisema amesema. Basi Winfrida alibaki na CD moja tu ya mpira wa miguu, ile iliyokuja na mashine. Ilikuwa ya zamani. Alikwisha chukua kombe mara nyingi mno, hata akawa anashangilia ushindi huku akipiga mwayo.

"Bado unacheza na wazee wako?" aliuliza Said asubuhi moja, akichungulia dirishani. Said alikuwa jirani yao, na walisoma darasa moja. "Yule namba tisa wako siku hizi anafuga kuku."

"Usinichoshe, Said."

"Njoo kwetu uone ya mwaka huu. Kaka ameninunulia. Wachezaji wanatoka jasho, unaliona kabisa."

Winfrida akaenda, akaliona jasho. Tangu hapo hakuwa na raha. Akila ugali anauona ule uwanja wa kijani, akiosha vyombo anasikia kelele za mashabiki. Siku ya pili uvumilivu ukamwishia, akaenda kwa Rehani.

Rehani alikuwa kijana mwenye duka dogo la CD na pedi karibu na stendi. Alikuwa mpole, mwenye kupenda kula chipsi huku akihudumia wateja.

"Mpya ni elfu themanini, na imebaki moja," alisema. "Lakini nikupe ushauri wa bure, mdogo wangu. Januari hizi hizi zitarudi hapa. Watu wanazicheza sikukuu nzima, wanazichoka, wanakuja kubadilisha. Mimi naziuza nusu bei, na zinacheza vilevile."

"Na zisiporudi?"

"Kila mwaka zinarudi."

"Na zikirudi, halafu mwingine akaniwahi?"

Rehani akacheka mpaka akaweka chipsi chini. "Basi nakuwekea hii mpaka Jumamosi. Ikipita naiuza."

Winfrida alitoka dukani nusu akitembea nusu akikimbia. Kichwani alikuwa na methali moja tu, aliyoipenda kuliko zote: chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako. Ile nyingine, ya haraka haraka, aliamini imetungwa na wavivu.

Fedha ya kununulia CD ilikuwa juu mlimani, imening'inia kwenye mti. Wiki aliyozaliwa Winfrida, babu yake alipanda mfyulisi nyuma ya nyumba huko Mgeta, akasema matunda yake yatakuwa ya mjukuu huyo. Babu alikwisha fariki, lakini neno lake lilibaki. Kila mwaka mafyulisi ya mti ule yaliuzwa, na fedha ikamnunulia Winfrida mahitaji ya shule. Mwaka huu mama alikuwa ametumia akiba yake yote kutengeneza cherehani, kwa hiyo alisema wazi.

"Viatu vyako vimefungua mdomo. Januari unaingia darasa la saba, na mimi sina. Mti wako ndio utakuvisha. Kitakachobaki baada ya viatu ni chako, ufanye upendavyo."

Winfrida alisikia hilo neno la mwisho kuliko yale ya mwanzo. Kesho yake akapanda gari la Mgeta.

Bibi Rosa alikuwa akipalilia karoti. Alinyoosha mgongo, akafuta mikono kwenye kanga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu," alijibu bibi. Mabibi wengi huwatania hivyo wajukuu wao wa kike, na Bibi Rosa hakujua kumwita vinginevyo. "Umekuja kunisaidia kupalilia, au umekuja kumwona mume wetu?"

"Mume wetu" lilikuwa jina la ule mfyulisi, kwa sababu aliyeupanda alikuwa babu. Winfrida alikwisha fika chini yake kabla bibi hajamaliza kusema. Matawi yalikuwa yameinama kwa uzito. Lakini mafyulisi yenyewe yalikuwa ya kijani, na alipominya moja lilikuwa gumu kama jiwe.

"Bado," alisema bibi nyuma yake. "Fyulisi likiwa tayari linabadilika rangi shavuni, na ukipita chini ya mti unasikia harufu yake. Ukilichuma kabla ya hapo haliivi tena. Linanyauka tu. Tungoje wiki mbili."

"Wiki mbili! Bibi, mimi nahitaji Jumamosi."

"Mti haujui Jumamosi," alisema bibi, akarudi kwenye karoti zake.

Siku zilizofuata zilikuwa za taabu. Winfrida aliamka alfajiri, akiwa na kanga ya bibi mabegani kwa sababu ya baridi, akasimama chini ya mti na kunusa. Alirudi akanusa tena baada ya uji. Ukungu ulipanda kutoka bondeni, ukashuka, ukapanda tena, na mafyulisi yalibaki vilevile. Alipalilia mstari mmoja akaruka miwili. Aliwapa nguruwe chakula mara mbili, kisha akasahau kuwapa kabisa.

"Bibi, leo naisikia harufu," alisema siku ya tatu.

Bibi akamsogelea, akamnusa shingoni. "Hiyo ni sabuni uliyoogea."

Alhamisi ilikuwa siku ya gulio. Wakulima wa vijiji vya jirani waliteremsha mboga na matunda mpaka uwanjani, na madalali wa mjini walikuja na magari kununua. Jambo moja Winfrida alilijua vizuri: tenga la kwanza la mafyulisi katika msimu hupata bei kubwa, kwa sababu mjini watu wamekaa mwaka mzima bila kuyaonja. Baada ya wiki mbili milima yote itakuwa imeiva na bei itashuka. Kwa nini asiwe wa kwanza? Akiuza matenga mawili leo, atapata CD. Viatu vitatoka kwenye matawi ya juu, baadaye. Aliiona hesabu hiyo ni nzuri sana, akashangaa watu wazima hawakuifikiria.

Asubuhi hiyo bibi alikwenda na wanajumuiya wenzake wa kanisani kumwombea mgonjwa kijiji cha pili. Hakuwa hata amefika kwenye kona Winfrida alipochukua matenga. Alichuma matawi yote ya chini kwa mikono miwili, haraka haraka. Yale machache yaliyopigwa na jua upande wa mashariki yalikuwa na wekundu kidogo. Hayo aliyatenga. Alijaza matenga kwa mafyulisi ya kijani, kisha juu yake akapanga yale mekundu, mashavu yakitazama juu. Alikuwa amewasikia watu wakisema kwamba wakulima wengine hufanya hivyo. Hakuwahi kumwona bibi yake akifanya.

Kijana mmoja wa jirani mwenye mkokoteni alimsaidia kuyafikisha gulioni. Dalali aliyekuwa akinunua matunda aliitwa Severini, mtu mzima mwenye kofia ya sufu, aliyekuwa akinunua kwa Bibi Rosa miaka mingi. Winfrida alimwona akimwaga matenga ya watu chini, moja baada ya jingine, akikagua ya juu, ya kati na ya mwisho.

"Wewe si mjukuu wa Bibi Rosa?" Severini aliuliza.

"Ndiyo, babu. Shikamoo."

"Marahaba. Na mafyulisi tayari? Bibi yako mwaka huu kawashinda wote." Alichukua moja la juu, akaligeuza mkononi, akatabasamu. "Haya, pakieni. Ya Bibi Rosa sina haja ya kuyamwaga."

Akamhesabia fedha palepale. Ilikuwa fedha ya CD na zaidi kidogo. Winfrida aliikunja, akaishika kwa nguvu mpaka kiganja kikatoa jasho. Alitaka kufurahi, lakini furaha haikuja. Neno "sina haja ya kuyamwaga" bado lilikuwa masikioni mwake. Aligeuka ili aondoke upesi.

Hakufika mbali. Nyuma yake mpagazi alikanyaga matope, akateleza, na tenga moja kati ya yale mawili likamtoka begani. Mafyulisi yakamwagika na kuteremka barabarani, yakigonga mawe kwa kishindo. Yalikuwa ya kijani kibichi, mamia kwa mamia. Mama mmoja aliyekuwa akiuza kabichi aliokota moja, akaling'ata, akatema.

"Hili la kuchezea bao," alisema, na watu wakacheka.

Severini hakucheka. Alikwenda kwenye tenga la pili, akalimwaga mwenyewe mbele ya watu wote. Kisha akamtazama Winfrida.

"Haya yametoka kwa Bibi Rosa?"

Winfrida alitamani ardhi ipasuke immeze. "Bibi hajui," alijibu kwa sauti ndogo. "Nimeyachuma mimi."

"Nikuambie kitu, mjukuu wangu. Miaka yote nimemwamini bibi yako kama macho yangu mawili. Sasa nitaanza kumwaga matenga yake, kama ya watu wengine. Siwezi kufanya vingine. Hata mimi kule mjini wanunuzi wananimwagia matenga yangu."

Winfrida akamrudishia fedha yote. Halafu akapiga magoti, akaanza kuokota mafyulisi barabarani, moja moja, huku machozi yakimtoka. Alikuwa bado anaokota alipoona miguu ya bibi imesimama mbele yake. Habari zilikwisha mfikia njiani.

Bibi hakugomba. Aliinama, wakaokota pamoja. Walipomaliza alisema, "Twende nyumbani, Winfrida."

Hakumwita mke mwenzangu. Winfrida alitembea nyuma yake mlima mzima akilifikiria jina lake mwenyewe, ambalo halijawahi kumuuma kiasi kile.

Nusu ya yale mafyulisi ililiwa na nguruwe. Nusu nyingine bibi alisema isipotee bure. Waliyakatakata, wakayatia chumvi, pilipili na ndimu, wakayaanika kwenye ungo na kutengeneza achari. Kazi hiyo ilichukua siku kadhaa. Pilipili ilimwingia Winfrida kwenye kucha, ikamchoma, lakini hakulalamika. Jumamosi ilipita akiwa na kisu mkononi. Alijua kwamba saa hizo Rehani alikuwa akimuuzia mtu mwingine ile CD. Ilimuuma, tena sana, ila kilichomuuma zaidi kilikuwa kingine.

"Bibi," alisema siku hiyo jioni, "nisamehe. Nilitaka kuwahi."

Bibi aliendelea kukata. "Mimi nimekwisha kusamehe. Lakini Severini si bibi yako. Yeye atasamehe akiona, si akisikia."

Basi wakangoja. Mguu wa Winfrida haukuacha kutikisika hata siku moja, ila safari hii alikuwa na kazi ya kuupa. Alipalilia mistari yote bila kuruka. Aliteka maji, akawapa nguruwe chakula kwa wakati wake. Kila akijisikia kwenda kumminya mume wao, alichukua jembe. Usiku mmoja mvua kubwa ilinyesha kwa upepo, naye akakaa kitandani roho juu, akiwaza matawi ya juu yakidondosha kila kitu. Bila haya yaliyobaki hakuna viatu, na yaliyobaki yalikuwa nusu tu. Kulipokucha alikimbia nje. Yalidondoka machache, mengine yalikuwa salama.

Asubuhi moja alitoka na ndoo kwenda kuteka maji, akapita chini ya mti akiwa na mawazo yake, akasimama ghafla. Ilikuwa harufu tamu, nzito, hata hakuhitaji kuinua pua. Aliangalia juu, akaona mashavu mekundu kila tawi.

"Bibi," aliita, "njoo uninuse kama ni sabuni."

Walichuma pamoja, taratibu, bila kuminya. Siku ya gulio milima yote ilikuwa imeteremsha mafyulisi, na bei ilikuwa ya kawaida. Severini alipoona tenga la Bibi Rosa alisita kidogo, akanyoosha mkono ili alimwage, kama alivyosema. Winfrida akamtangulia. Alitandika gunia chini, akalishika tenga lake mwenyewe, akalimwaga mbele ya watu wote. Mafyulisi yakatulia juu ya gunia, mekundu na manjano, ya juu sawasawa na ya chini.

Severini aliyainamia. Aliokota moja lililotoka chini kabisa, akalila palepale mpaka maji yakamtiririka kwenye kidevu.

"Wiki nyingine ukileta," alisema, "usisumbuke kumwaga."

Fedha ilipatikana, lakini ilikuwa kidogo kuliko ya mwaka uliopita, kwa sababu mafyulisi ya matawi ya chini yaliishia kwa nguruwe na kwenye achari. Winfrida aliporudi Kihonda, mama alinunua viatu, vyeusi na imara, akampa Winfrida chenji. Haikufika hata nusu ya bei ya ile CD mpya. Winfrida aliiweka kwenye kopo, akaongeza fedha ndogo ndogo alizopata kwa kumsaidia mama kushona vifungo vya sare, maana Januari wateja walijaa.

Shule zilipokaribia kufunguliwa alikwenda kwa Rehani, mfukoni ana fedha yake na mkononi chupa ya achari, fungu lake alilopewa na bibi, akitumaini kuiuza hapo stendi. Dukani kulikuwa na boksi zima la CD zilizorudi. Ya juu kabisa ilikuwa ya mpira, ya mwaka ule ule, na kwenye kasha lake palikuwa pameandikwa kwa kalamu jina la Said.

"Amekuja nayo jana," alisema Rehani. "Ameichoka. Alitaka ya magari, nimempunguzia bei kidogo kwa kupokea hii, kaongeza fedha juu. Wewe nitakupa kwa elfu arobaini. Nilikuambia zinarudi."

Winfrida alitaka kuitoa fedha hapo hapo. Mguu ulikwisha anza. Lakini akajizuia.

"Mwaga tenga kwanza," alisema.

"Nini?"

"Iweke kwenye mashine niione ikicheza. Mwanzo mpaka mwisho. Na uniambie kama inakubali mashine kama ya kwangu, ile ya zamani."

Rehani akamtazama kwa heshima mpya. Akaiweka. Hiyo ya Said ilikwama katikati ya mechi, ikaganda na golikipa hewani. Rehani mwenyewe hakujua, akaomba radhi, akatafuta nyingine kama hiyo kwenye boksi. Hiyo ilicheza vizuri, na jasho la wachezaji lilionekana, naye akamhakikishia kwamba inakubali hata mashine za zamani. Winfrida alihesabu fedha yake. Ilipungua kidogo.

"Hiyo chupa ina nini?" aliuliza Rehani, akitazama chipsi zake.

"Achari. Ya mafyulisi mabichi."

Rehani alichovya chipsi moja, akafumba macho. Alichovya ya pili. "Niachie chupa," alisema, "tumemalizana."

Jioni hiyo Said alikuja mbio aliposikia kelele za mashabiki. Alikaa mkekani, akapewa pedi ya pili. Gemu yake ya magari alikwisha ichoka, alisema, na kama Winfrida hana neno wawe wanabadilishana, hii kwa ile. Winfrida hakuwa na neno. Akajisemea moyoni kwamba kwa nusu bei na chupa moja ya achari alikuwa amepata gemu mbili.

Bibi Rosa alikuwa ameteremka mjini kuwasalimia kwa ajili ya mwaka mpya. Alikaa karibu na mama na cherehani yake, akaitazama televisheni kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo hiki ndicho kilichotaka kumla mume wetu," alisema.

"Ndiyo, bibi," alijibu Winfrida, akiona haya.

"Si kibaya. Wanakimbia vizuri." Bibi akamgeukia. "Ungekinunua siku ile, mwanangu, ungekilipa mara mbili, na bado ungekwenda shule na viatu vyenye mdomo. Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Kitu kipya ni kama fyulisi la kwanza, kila mtu analigombea. Mwenye akili anangoja liive, kisha analikagua, ndipo anatoa fedha. Na akiuza, anauza bila kuficha la chini."

Mama alisimamisha cherehani. "Mwambie na huo mguu wake utulie, mama. Unatikisa mpaka meza yangu."

Winfrida akashika goti lake kwa aibu. Bibi akamwondoa mkono pale gotini, akaushika ndani ya mkono wake mwenyewe, uliokuwa na harufu ya achari.

"Mwache," alisema. "Mguu na ucheze, ni wa mtoto. Huu mkono ndio uliohitaji kutulia, nao umetulia. Haya, mke mwenzangu, mfunge goli huyo jirani yako nione."